Milima Haikutani: Historia Fupi ya Usakaji Dafina

Utangulizi

Wahenga walisema milima haikutani, wanadamu hukutana. Kwa kawaida tunaitumia methali hii tunapoagana, au tunapomwonya mtu kwamba yule anayemdharau leo anaweza kumhitaji kesho. Makala hii inaitazama kwa upande mwingine kidogo. Je, inawezekana mtu kujiandaa kukutana na mwenzake asiyemjua jina, asiyejua atapita lini, na ambaye pengine hajazaliwa bado? Historia inaonyesha kwamba watu wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 500, kwanza kwa sababu ya dhiki na baadaye kwa sababu ya starehe.

Starehe hiyo inajulikana duniani kwa jina la geocaching. Katika makala hii tutaiita usakaji dafina, na sababu za kuchagua jina hilo zitaelezwa hapo chini. Mchezo wenyewe ni huu. Mtu hutia daftari dogo na vitu vya thamani ndogo ndani ya kisanduku kisichoingia maji. Hukificha mahali, kwa mfano kwenye shina la mti au chini ya jiwe, kisha huyatangaza kwenye intaneti mahali hapo kwa nyuzi za latitudo na longitudo. Yeyote mwenye kifaa cha GPS anaweza kwenda kukitafuta. Akikipata, huandika jina lake na tarehe katika daftari. Akichukua kitu, huacha kingine chenye thamani inayolingana nacho au kuzidi. Halafu hukirudisha kisanduku palepale kwa ajili ya atakayekuja.

Msomaji anaweza kuuliza mchezo huu unawahusu nini walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Unatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, asili yake ya mbali imo katika njia ya bahari iliyofika Kilwa na Malindi. Pili, kiini chake ni maneno machache anayoandika mgeni kwa ajili ya mgeni mwenzake. Na lugha yetu nayo imekulia njiani, katika vinywa vya watu wasiojuana.

Barua ndani ya kiatu

Mwezi Machi 1500, Mreno Pedro Álvares Cabral aling'oa nanga Lisbon akiwa na merikebu 13 kwenda India. Katika Atlantiki ya kusini kundi hilo lilipigwa na tufani na merikebu nne zikazama pamoja na watu wake. Miongoni mwao alikuwamo Bartolomeu Dias, Mreno wa kwanza kuizunguka ncha ya kusini ya Afrika mwaka 1488. Merikebu zilizosalimika zilifika Kilwa mwezi Julai 1500 na Malindi mwezi Agosti, kisha zikavuka hadi Calicut. Huko kulizuka mapigano na Wareno wengi wakauawa.

Wakati wa kurudi, nahodha mmoja wa kundi hilo, Pero de Ataíde, alitia nanga katika ghuba ambayo leo inaitwa Mossel Bay, nchini Afrika Kusini. Alikuwa na habari nzito: merikebu za Ureno zitakazokuja nyuma yake zingefika Calicut bila kujua kwamba hali imeharibika. Hakuwa na wa kumtuma. Inasimuliwa kwamba aliandika barua, akaitia ndani ya kiatu kikuukuu na kukitundika juu ya mti karibu na chemchemi. Alikuwa na hakika ya jambo moja tu, kwamba kila merikebu ipitayo pale hushusha watu kutafuta maji. Tarehe 7 Julai 1501 João da Nova, aliyekuwa akielekea India na merikebu nne, aliipata barua hiyo.

Walimu wa Kiswahili wataitambua tarehe hiyo mara moja, kwani mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hiyo ni sadfa tu, lakini ni sadfa inayofaa kukumbukwa darasani. Mti unaohusishwa na kisa hicho bado umesimama Mossel Bay, na karibu yake pamewekwa sanduku la posta lenye umbo la kiatu, ambamo wageni hutumbukiza barua zao hadi leo.

Hapa tunaiona kanuni ya kwanza ya historia hii. Ataíde hakumjua da Nova atakuwa wapi wala lini. Kwa kuwa hakuweza kumchagua mtu, alichagua mahali, akaiacha siku iamuliwe na bahati.

Mawe ya barua na pipa la wavuvi

Karne moja baadaye jambo hilo lilikuwa desturi. Kampuni ya Waingereza ya biashara ya India iliundwa mwaka 1600 na ile ya Waholanzi mwaka 1602. Merikebu zao zilitumia miezi mingi njiani, na pengine mwaka mzima ulipita bila watu wa nyumbani kusikia lolote. Katika ghuba ya Table Bay, ambako leo pana mji wa Cape Town, mabaharia walichonga juu ya jiwe jina la merikebu, jina la nahodha na tarehe ya kufika au kuondoka. Chini ya jiwe hilo waliweka barua zilizofungwa kwa turubai na kupakwa lami ili maji yasiingie. Merikebu iliyotoka Asia ikirejea Ulaya ilizifukua na kuzipeleka. Hakukuwa na mlinzi wala karani. Kulikuwa na jiwe tu lenye maandishi. Mwaka 1652 Jan van Riebeeck alianzisha kituo cha Waholanzi hapo, na tangu wakati huo barua ziliweza kukabidhiwa kwa mtu. Baadhi ya mawe hayo yamehifadhiwa katika makumbusho ya Cape Town.

Desturi kama hiyo ilizuka katika Bahari ya Pasifiki. Kwenye kisiwa cha Floreana, katika visiwa vya Galápagos, wavuvi wa nyangumi waliweka pipa mwishoni mwa karne ya 18. Aliyekuwa akielekea uvuvini alitumbukiza barua, na aliyekuwa akirudi kwao alizipekua na kuchukua zile za upande wake. Pipa la namna hiyo lipo mpaka sasa. Watalii huacha kadi bila stempu, na kila mmoja hupekua zilizomo akitafuta anwani iliyo karibu na kwake ili aipeleke kwa mkono wake. Kwa hiyo mtu anaweza kubisha hodi kwenye mlango wa nyumba asiyoijua, akiwa na kadi iliyoandikwa na mtu mwingine asiyemjua.

Tusiipambe historia hii kupita kiasi. Merikebu zilizoachiana barua ndizo zilizoleta mizinga katika pwani yetu. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa kulipa ushuru, na mwaka 1505 Francisco de Almeida aliishambulia Kilwa na kuiteketeza Mombasa. Barua ya Ataíde iliandikwa kwa Mreno yeyote, na kwa Mreno tu. Wenyeji waliokaa karibu na ule mti hawakuwamo katika hesabu ya wasomaji wake. Kila tunapomsifu mtu kwa kumwamini mgeni, ni haki tuulize vilevile ni mgeni yupi aliyemkusudia. Swali hilo litatufuata hadi mwisho wa makala hii.

Chupa ya Dartmoor

Dhiki iligeuka kuwa starehe nchini Uingereza. Dartmoor, katika jimbo la Devon, ni nyanda za juu zenye majani, vinamasi na miamba, na mtu anaweza kutembea saa nyingi bila kuona nyumba. Mwaka 1854 James Perrott wa kijiji cha Chagford, aliyefanya kazi ya kuwaongoza wageni, aliweka chupa mahali paitwapo Cranmere Pool. Wakati huo kufika pale kulikuwa safari ngumu. Wageni waliofanikiwa waliacha kadi zenye majina yao ndani ya chupa ili watakaofuata wajue kwamba walifika.

Baadaye kisanduku cha bati kilichukua nafasi ya chupa. Mwaka 1905 liliwekwa daftari la wageni, na mwaka 1907 ukawekwa muhuri wa mpira. Kisha ikaingia desturi inayokumbusha mawe ya Table Bay: mtembezi aliacha barua au kadi yenye anwani, na aliyemfuata aliichukua na kuitia posta. Barua ingeweza kukaa siku moja au majuma kadhaa. Aliyeipokea alijua kutokana na muhuri wa posta kwamba kuna mtu asiyemjua aliyepanda hadi kule na kufanya hisani.

Visanduku viliongezeka polepole, na katika nusu ya pili ya karne ya 20 vilienea Dartmoor nzima. Mwezi Aprili 1998 jarida la Smithsonian la Marekani lilichapisha makala kuhusu desturi hiyo, na Wamarekani wakaanza kuficha visanduku vyao. Waliongozwa na maelezo ya maandishi: fuata mto, hesabu hatua, geuka penye mwamba uliopasuka. Kitu kilichokosekana ni namna ya kumwonyesha mtu nukta moja juu ya uso wa dunia bila maelezo marefu.

Kutoka vita hadi mchezo

Namna hiyo ilikuwapo tayari, ila ilikuwa mikononi mwa jeshi. Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya mfumo wa GPS mwaka 1978. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini, iliyokuwa imepotea njia na kuingia katika anga ya Muungano wa Kisovieti, ilidunguliwa na watu wote 269 waliokuwamo wakafa. Baada ya msiba huo, Rais Ronald Reagan alitangaza kwamba mfumo wa GPS utakapokamilika utaruhusiwa kutumiwa na raia bure. Setilaiti 24 zilizohitajika zilikamilika katika miaka ya 1990, na mwaka 1995 mfumo ukatangazwa kuwa tayari kwa kazi zote.

Hata hivyo, raia hawakupewa kitu kamili. Jeshi lilitia kosa la makusudi katika mawimbi ya wazi ili adui asiyatumie kulenga shabaha. Kifaa cha raia kiliweza kukosea kwa mita 100 hivi. Kwa nahodha baharini kosa hilo linavumilika. Kwa mtu anayetafuta kopo msituni, mita 100 ni sawa na kuambiwa “liko huko huko tu”.

Tarehe 1 Mei 2000 Rais Bill Clinton alitangaza kwamba kosa hilo litaondolewa, na usiku huohuo likaondolewa. Vifaa vilevile vilivyokuwa mifukoni mwa watu vikaanza kuonyesha mahali kwa kukosea mita 20 hivi au chini yake. Hakuna aliyelazimika kununua kifaa kipya.

Ndoo ya Beavercreek

Tarehe 3 Mei 2000 Dave Ulmer, mshauri wa mambo ya kompyuta katika jimbo la Oregon, aliamua kuujaribu usahihi huo mpya. Aliweka ndoo nyeusi ya plastiki katika msitu karibu na Beavercreek. Ndani yake mlikuwa na daftari na kalamu, vitabu, programu za kompyuta, kanda za video, pesa, manati na kopo la maharage. Aliwatangazia wapenzi wa GPS kwenye intaneti latitudo na longitudo ya mahali hapo, pamoja na kanuni moja: chukua kitu, acha kitu.

Katika muda wa siku tatu watu wawili walikuwa wameipata. Mmoja wao, Mike Teague wa mji wa Vancouver katika jimbo jirani la Washington, alianza kuorodhesha sehemu nyingine zilizofichwa ndoo na makopo. Tarehe 11 Mei 2000 kisanduku kilifichwa Mingo, katika jimbo la Kansas, na kinahesabiwa kuwa ndicho cha zamani kuliko vyote vinavyoendelea kutafutwa. Tarehe 2 Septemba 2000 Jeremy Irish, mtengenezaji wa tovuti, alizindua tovuti ya Geocaching.com akianza na visanduku 75. Leo vimepita milioni 3 katika nchi zaidi ya 190, na hata Antaktika vimo.

Ndoo ya Ulmer iliharibika baadaye. Kopo la maharage lilipatikana, na wasakaji wamekuwa wakilionyesha katika mikutano yao kama watu wanaoonyesha kumbukumbu ya babu. Mahali palipokuwa na ndoo paliwekwa bamba la ukumbusho mwaka 2003.

Suala la jina

Kwa wanafunzi wa isimu, historia ya jina la mchezo huu inastahili aya chache. Ulmer alitumia neno la Kiingereza lenye maana ya kitu kilichofichwa kwa siri, lakini neno hilo lilinuka magendo na dawa za kulevya. Tarehe 30 Mei 2000 Matt Stum alipendekeza neno lingine. Sehemu ya kwanza, geo, ni ya Kigiriki na maana yake ni ardhi. Sehemu ya pili inatokana na kitenzi cha Kifaransa cacher, yaani kuficha, na ilitumiwa Amerika Kaskazini na wawindaji wa wanyama wa manyoya kwa kutaja akiba ya chakula waliyoifukia njiani. Kwa hiyo jina lilibadilishwa ili mchezo usidhaniwe kuwa uhalifu.

Kiswahili kina maneno mawili yaliyo karibu. Hazina ni mali iliyowekwa akiba, na ndiyo maana tunasema hazina ya serikali au hazina ya maneno. Dafina ni mali iliyofichwa au kufukiwa, kutokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuzika. Hazina ina mwenyewe na funguo. Dafina humngoja atakayeifukua. Ndiyo sababu tumependekeza usakaji dafina. Anayetafuta ni msakaji, na aliyeficha ni mfichaji. Wasomaji wenye pendekezo bora wanakaribishwa kuliandikia jarida.

Kukutana kwa namna tatu

Mchezo huu huwakutanisha watu kwa namna tatu, na ni vizuri kuzitofautisha.

Ya kwanza ni kukutana kwenye daftari. Msakaji anasoma kwamba siku nne kabla yake alipita mama na watoto wawili, na mwaka mmoja kabla yao alipita mzee aliyeandika kwa mkono unaotetemeka. Hawatamwona, naye hatawaona, lakini wamesimama palepale na kugusa kopo lilelile. Kuna pia vibandiko vya chuma vyenye namba, ambavyo hupelekwa kutoka kisanduku hadi kisanduku kwa mikono ya watu tofauti, na mwenye nacho hufuata safari yake kwa mbali. Mwezi Oktoba 2008 Richard Garriott alikipeleka kimoja hadi Kituo cha Anga cha Kimataifa, na chombo cha Perseverance kilichotua Mirihi mwezi Februari 2021 kina namba ya aina hiyo. Bila shaka cha Mirihi kitangoja sana.

Ya pili ni kukutana ana kwa ana. Kisanduku kipya kinapotangazwa, wasakaji hukimbilia ili wawe wa kwanza kuandika jina. Matokeo yake watu wasiojuana hujikuta saa saba za usiku chini ya mti mmoja, kila mmoja na tochi yake, wakicheka. Mwezi Machi 2001 wasakaji wa Austin, Texas, waliona afadhali wapange mkutano kabisa, na tangu hapo mikutano ya aina hiyo imekuwa sehemu ya mchezo. Tangu mwaka 2002 ipo pia siku ya kuokota taka mahali wanaposakia. Wapo waliopata marafiki wa kudumu kwa njia hii, na wapo waliooana. Waswahili husema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.

Ya tatu ni kukutana na wasiohusika, na hapa ndipo penye tatizo. Wasakaji wa Ulaya na Amerika wana jina la mtu asiyeujua mchezo: humwita muggle, neno walilolichukua katika riwaya za Harry Potter za J.K. Rowling, ambamo lina maana ya mtu asiye na uchawi. Mafundisho kwa msakaji mgeni ni kwamba asionekane na watu hao. Ajifanye anafunga kamba za viatu mpaka wapite, maana wakimwona wanaweza kukiondoa kisanduku.

Siri hiyo imeleta madhara. Mwaka 2011 katika mji wa Wetherby, kaskazini mwa Uingereza, mtu alionekana akishughulika na kisanduku nje ya mkahawa kisha akaondoka. Polisi waliitwa, barabara ikafungwa, na wataalamu wa mabomu wa jeshi wakakilipua. Kilikuwa kisanduku cha mchezo. Waliokitishika hawakuwa wajinga. Waliona kitu kilichoandaliwa kwa ajili ya wengine, wao hawakuambiwa. Swali tulilouliza juu ya barua ya Ataíde linarudi: mgeni yupi anayehesabiwa?

Mchezo katika ukanda wetu

Katika nchi za Maziwa Makuu swali hilo ni zito zaidi. Tangu milipuko ya Kampala ya tarehe 11 Julai 2010, mfuko ulioachwa peke yake hautazamwi tena kama mfuko tu. Katika maeneo yaliyopitiwa na vita, watoto wamefundishwa wasiguse kitu cha chuma wasichokijua, na mafunzo hayo yameokoa maisha. Tena, mtu anayetembea shambani akitazama kifaa cha GPS hadhaniwi kuwa mchezaji. Anadhaniwa kuwa mpima ardhi, na mpima ardhi asiyetangulia kujitambulisha huonekana kuwa ni mtu aliyetumwa kuja kunyang'anya. Migogoro ya ardhi inatosha kueleza hofu hiyo.

Kwa hiyo desturi ya kujificha haifai hapa, na haihitajiki. Njia ya wenyeji ni kinyume chake: msafiri husalimu kwanza. Baada ya salamu huulizwa anatoka wapi na anatafuta nini, na akijibu kwa ukweli huonyeshwa njia, pengine hupewa mtoto wa kumsindikiza. Mzee akishaambiwa kwamba chini ya mwamba pale ng'ambo kuna kopo lenye daftari, yeye ndiye atakayelilinda kuliko mtu mwingine yeyote. Ila aambiwe kabla ya kufichwa, na mwenye ardhi akubali. Kanuni rasmi za mchezo nazo zinadai idhini ya mwenye mahali, lakini kwetu idhini si karatasi tu, ni mazungumzo.

Hapa lugha yetu ina ushahidi wa kale. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika ikulu ya Kabaka Suuna wa Buganda akitokea pwani. Yeye na wenzake wa misafara hawakuwa na setilaiti, na kila siku iliwalazimu kuuliza: maji yako wapi, mtawala wa hapa ni nani, njia ya kesho ni ipi? Misafara hiyo ilibeba pembe na watumwa pia, jambo ambalo hatuwezi kulificha. Hata hivyo, katika maswali hayo ya njiani ndimo Kiswahili kilimoenea hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Kifaa kinachomwonyesha mtu njia bila kumsemesha mtu kinampunguzia usumbufu, lakini kinampunguzia pia lugha.

Matumizi darasani

Walimu wanaweza kuutumia mchezo huu bila gharama kubwa. Si lazima kuwe na kifaa cha GPS. Kopo, daftari na uwanja wa shule vinatosha, mradi uongozi wa shule na walinzi wajulishwe. Kundi moja linaficha na kuandika maelezo kwa Kiswahili. Kundi la pili linasaka. Yafuatayo ni mambo matatu yanayofundishika kwa njia hii.

Kwanza, msamiati wa pande za dunia. Wanafunzi hufurahi kujua kwamba kaskazini na kusini ni majina yaliyotokana na pepo za kaskazi na kusi zilizoendesha majahazi, na kwamba mashariki na magharibi ni ya Kiarabu, yakitaja kuchomoza na kuchwa kwa jua.

Pili, viambishi vya mahali, ambavyo wanafunzi wengi wa Kiswahili kama lugha ya pili huvichanganya. Usakaji unavipanga vyote vitatu kwa utaratibu. Mwanzoni msakaji anajua kwamba kopo liko kule, upande wa bwawa. Akisogea anasema lipo hapa, karibu na mti huu. Akitia mkono katika shimo la mti anasema limo humu. Mwanafunzi aliyetoka -ko akapita -po akafika -mo kwa miguu yake hasahau.

Tatu, adabu ya kuuliza. Maelezo yaandikwe kwa makusudi yakiwa na pengo moja, ili kundi lilazimike kumuuliza mtu asiyekuwamo katika mchezo. Kwa mfano:

– Shikamoo, mzee.
– Marahaba, wanangu. Hamjambo?
– Hatujambo, mzee. Samahani, tunatafuta mti uliopandwa siku shule ilipofunguliwa.
– Ah, huo! Njooni niwaonyeshe. Nilikuwapo siku hiyo.

Mlinzi au mpishi wa shule aliyekuwapo siku hiyo anaweza kuwa na masimulizi yasiyo katika kitabu chochote cha shule. Jina lake nalo liandikwe katika daftari.

Hitimisho

Tumeona kiatu, jiwe, pipa, chupa, kisanduku cha bati na ndoo ya plastiki. Vyombo vimebadilika, na njia ya kuvifikia imebadilika kutoka chemchemi ya maji hadi setilaiti. Sharti limebaki lilelile: aliyetangulia ayaache maneno mahali ambapo hawezi kuyalinda, na anayefuata ayasome bila kuyaharibu. Kilichopanuka polepole ni idadi ya watu wanaokusudiwa. Barua ya mwaka 1501 ilikuwa ya mabaharia wa taifa moja. Chupa ya mwaka 1854 ilikuwa ya mtembezi yeyote atakayefika. Ndoo ya mwaka 2000 ilikuwa ya yeyote mwenye kifaa, popote alipo. Aliyebaki nje mpaka sasa ni jirani wa mahali penyewe, yule mwenye mti na mwamba. Kumwingiza yeye hakuhitaji setilaiti nyingine. Kunahitaji hodi, salamu, na lugha ya kusemezana naye, ambayo ndiyo kazi ya idara kama hii.